Ukurasa Aliouunguza Mtakatifu Nikolasi

Firmin aliposema anataka asomewe hadithi ya sita, Ghislaine ndiyo kwanza alikuwa ameketi. Tangu alfajiri alikuwa amebadilisha shuka, amemwaga beseni, amemenya viazi, amempokea muuguzi na kumsindikiza mlangoni, na sasa miguu yake ilikuwa imevimba hata soksi zikaacha mfereji juu ya vifundo. Akamtazama mdogo wake pale kitandani, katika chumba cha mbele ambacho zamani kilikuwa cha wageni, akawaza kama kujifanya hakusikia ni dhambi ya kuungamia au ni ile ndogo ya kusamehewa kwa Baba Yetu moja.

"Ya sita," Firmin akarudia. Mpira wa hewa ulikuwa ukikoroma puani mwake. "Ile ya mnara."

"Kesho, Firmin."

"Kesho hiyo ni ya nani, dada? Yako au yangu?"

Ghislaine akanyanyuka. Mtu aliyeishiwa pumzi hakosi maneno.

Vitabu vilipangwa kwenye rafu mkabala na kitanda, ili mgonjwa avione bila kugeuza shingo. Vilikuwa vitabu vya Aubin Larue, yule kijana baharia na mpishi wake mnene Pansard, ambao hakuna mtoto wa rika la Firmin na dada yake katika nchi ile ya migodi asiyewajua. Walipokuwa wadogo, hadithi hizo zilitoka ukurasa mmoja kila wiki katika gazeti la watoto, kisha zikashonwa kuwa vitabu vyembamba. Sasa watoto wale wamekuwa wazee, na wachapaji wamezikusanya upya, hadithi tatu tatu katika buku moja nene lenye jalada gumu. Ukiyasimamisha mabuku kwa mpangilio wake, migongo yake inaungana kuwa picha ya merikebu yenye matanga kamili. Firmin alikuwa ameyanunua yote, moja baada ya moja, kadiri yalivyotoka. Wala hakuwahi kulifungua hata moja. Yalikaa ndani ya nailoni yake kama yalivyotoka dukani. "Ukichana nailoni, thamani inatoka kama hewa," alikuwa akisema. Kwa hiyo kila Jumamosi Ghislaine alifuta vumbi juu ya nailoni, akarudisha merikebu mahali pake.

Akachukua buku lenye namba sita, akalichana kwa kisu cha viazi. Firmin akafumba macho kama mtu anayedungwa sindano.

Kurasa za kwanza zilikuwa na jangwa na ngamia. Ghislaine akafunua, akafunua tena. Ngamia tu.

"Mnara uko wapi?"

"Dada, hilo ni buku la sita. Mimi nimesema hadithi ya sita. Hadithi ya sita imo buku la pili. Tatu na tatu."

"Kwa hiyo nimechana bure."

"Umechana bure. Miaka yote unayapangusa, hujui yamekaaje?"

"Nayapangusa, siyasomi. Kama wewe."

Firmin akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na ikabidi Ghislaine amwinue na kumsubiri. Kisha akachukua buku la pili, akalichana nalo. Merikebu pale rafuni ikabaki na tundu mbili, moja tumboni, moja kwenye tanga.

Alisoma vile anavyosoma somo la kwanza kanisani, polepole, sauti moja kwa wote, mwema na mwovu. Aubin anawafuata wavunja meli, majambazi wanaozipotosha meli zigonge miamba wapate kuziiba, mpaka kwenye mnara wa taa. Wanamkamata. Wanamfunga mkono mmoja kwa pingu kwenye pete ya chuma chini ya mnara, kisha wanaondoka na mashua, na maji yanaanza kujaa. Firmin alikuwa akitangulia maneno kwa midomo. Walipofika mahali maji yalipomfikia Aubin kifuani, Firmin akafumbua macho na kuinua kidole, kwa sababu kitabu chao cha utotoni kiliishia hapo.

Ilikuwa mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, anayewaletea watoto zawadi usiku. Watoto watatu walipanga viatu vyao mbele ya jiko la makaa ya mawe, wakamwekea punda wa Mtakatifu karoti, wakaenda kulala. Asubuhi, katika kiatu cha Léonce, mkubwa wao, mlikuwa na kitabu kipya cha Aubin Larue cha yeye na Firmin, na jalada la nyuma lilikuwa limeungua pamoja na ukurasa wa mwisho. Jiko lilikuwa limechochewa mno usiku ule. Mtoto hawezi kumshtaki Mtakatifu kwamba ameunguza zawadi, na baba yao, aliyetoka shimoni mgodini usiku wa manane, alikuwa amekaa mezani akitazama mikono yake. Basi Léonce, mwenye umri wa miaka kumi, akasema yeye anajua mwisho. Usiku ule, kitandani walikolala pamoja, akamsimulia Firmin. Na kila walipokirudia kitabu kile, akausimulia tena.

Ghislaine alikuwa na chumba chake, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Vitabu vya Aubin vilikuwa vya wavulana. Yeye aliletewa machungwa, mdoli wa biskuti na rozari. Lakini mbao hazizuii sauti. Mwisho ule aliusikia zaidi ya mara moja akiwa gizani, na mpaka leo anaweza kuusema bila kukosea, kama Salamu Maria.

Akafunua ukurasa wa mwisho wa buku jipya, akasoma. Walinzi wa pwani wanafika na msumeno. Wanakata pingu. Wavunja meli wanakamatwa. Pansard anateleza na kutumbukia majini, na wote wanacheka. Mwisho.

Firmin akanyoosha shingo kuutazama ukurasa.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Polisi wanakuja?"

"Walinzi wa pwani."

"Ni polisi wenye mashua." Akageuzia uso dirishani. Nje, kilima cha taka za mgodi kilikuwa kimeota miti, mtu mgeni angedhani ni mlima wa Mungu. "Huo si mwisho wake. Mwisho wake ni ule wa Léonce."

Jina hilo lilikuwa halijatajwa na kinywa kile tangu siku waliyomzika mama. Siku ile watu wakiwa bado mezani wanakunywa kahawa na kula keki bapa ya sukari, Léonce aliingiza sanduku la vitabu vya utotoni katika gari lake. Firmin akamwita mwizi mbele ya padri na shangazi zote. Léonce akajibu kwamba mwana aliyemwacha mama peke yake na ndoo za makaa hana haki hata ya vumbi la nyumba ile. Tangu hapo ndugu hao wawili waliishi pande mbili za mfereji mmoja bila salamu. Firmin akaanza kununua mabuku mapya, kumwonyesha mwenzake kwamba hahitaji takataka zake, na Léonce hakujua kama anaonyeshwa.

Katikati yao alikuwa Ghislaine. Noeli alikula mara mbili. Sikukuu ya Watakatifu Wote alibeba maua makaburini asubuhi na Firmin, akarudi mchana na Léonce, akasimama mbele ya kaburi lile lile akisali sala zile zile, kwa mama yule yule. Mume wake Edgard, alipokuwa hai, alimwambia, "Wewe ni daraja, mke wangu, na daraja hukanyagwa." Sasa Edgard naye alikuwa makaburini, na daktari alikuwa amesema Firmin hataziona tulipu za bustanini zikichanua. Ghislaine alikuwa amebaki na ombi moja tu kwa Mungu: Léonce aingie katika chumba kile kabla jeneza halijatoka.

Angeweza kumwambia mdogo wake pale pale: Aubin alikuwa na kipande cha mkate mfukoni, umepakwa mafuta ya nguruwe, kama ule tuliokula jioni ile. Akajipaka mafuta mkononi, mkono ukateleza ukatoka katika pingu. Mbwa wa mnara akaogelea kumfuata, Aubin akamshika mkia. Pansard akatupa sufuria zake zote baharini ili mashua iwe nyepesi. Kisha Aubin akaenda nyumbani, mama yake alikuwa akipika supu, hakumuuliza alikotoka.

Akafungua kinywa, akakifunga. Firmin hakuwa akiulizia pingu.

"Nitampelekea habari," akasema.

"Mpelekee nani? Mimi sijakutuma."

"Hujanituma. Kunywa dawa."

Kesho yake, muuguzi alipokuwa akimwogesha mgonjwa, Ghislaine alivaa koti akavuka mfereji. Huguette, mke wa Léonce, alimfungulia mlango akiwa na unga mikononi.

"Yuko juu, wifi, na wake zake wenye manyoya. Mimi tangu asubuhi hajaniuliza hata kama nimelala."

"Na umelala?"

"Nani analala na mtu anayeamka kusikiliza mabawa? Panda, lakini shika ukuta. Ngazi ile itatuua sote siku moja."

Léonce alikuwa katika banda lake la njiwa wa mashindano ya mbio, amemshika mmoja kwa mikono miwili, akimchunguza bawa. Hakugeuka.

"Kama umekuja kwa ajili ya yule bwana, nina kazi."

"Nimekuja kukaa kidogo," Ghislaine akasema, akakaa juu ya gunia la mtama, kwa sababu ngazi ilikuwa imemmaliza.

"Amekutuma?"

"Hajanituma."

"Basi hajambo."

"Anakufa, Léonce. Hilo nilishakwambia wiki iliyopita, na ile iliyotangulia. Jana amesomewa hadithi ya mnara katika mabuku yake mapya. Ameukataa mwisho wake."

"Ana mabuku mapya, anataka nini tena? Anataka langu lililoungua?"

"Lako halina mwisho. Anataka ule uliokuwa ukimsimulia."

Mkono wa Léonce ukasimama juu ya bawa. Njiwa akapepesa jicho.

"Mwambie nimesahau."

"Umwambie mwenyewe."

"Aliniita mwizi mbele ya padri."

"Padri yule amekufa. Shangazi nao wamekufa. Waliosikia tumebaki mimi na wewe na yeye, na mimi sikusikia vizuri, nilikuwa nakata keki."

Léonce karibu acheke, akajizuia, akamrudisha njiwa kizimbani. "Wewe kila mara unamtetea."

Hapo Ghislaine akahisi uchovu wa miaka yote ukimpanda kutoka vifundoni mpaka kifuani. Hakupaza sauti. Hakuwa nayo ya kupaza.

"Simtetei. Sikuombi, wala sitakuja tena kukuomba. Nakwambia tu kitakachokuwa, ili usije ukasema hukujua. Watakatifu Wote inayokuja, Firmin atakuwa mle ndani pamoja na mama. Mimi nitakwenda asubuhi na maua yangu, nitasali, nitarudi nyumbani kuinua miguu. Wewe ukitaka kuja mchana, njoo. Utawakuta wote wawili. Lakini mimi mara ya pili siendi. Nimechoka, kaka."

Akainuka, akajipangusa mtama kwenye sketi, akashuka kwa kushika ukuta. Léonce hakumfuata. Mlangoni Huguette alimtilia vipande vya keki mfukoni, akamtazama usoni.

Jumapili baada ya Misa, supu ya vitunguu vya liki ikiwa jikoni, kengele ya mlango ililia. Ghislaine alikwenda akijifuta mikono, akidhani ni jirani. Barazani alisimama Léonce na kofia yake nzuri, sanduku la mbao kifuani, na viatu vyenye tope la njia ya mfereji. Nyuma yake Huguette alikuwa akigeuza gari.

Kinywa cha Ghislaine kikatoa maneno kiliyoyazoea.

"Futa miguu."

Léonce akamtazama kwa namna ya ajabu kidogo. Akafuta miguu, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndani, Firmin alikuwa amesikia. Alikuwa amejivuta juu kwenye mito, mpira wa hewa umekaa upande.

"Umezeeka," akasema.

"Na wewe unalala mchana."

"Umekuja na gari? Maana ukija na gari, masanduku huwa yanaondoka."

"Safari hii limekuja." Léonce akaliweka sanduku kitandani, miguuni pa mdogo wake. "Vihesabu."

"Sina pumzi ya kuhesabu. Toa cha sita."

Léonce akaketi kwenye kiti cha Ghislaine, akakitoa kile kitabu chembamba. Pembe za nyuma zilikuwa bado nyeusi, na aliposhika jalada, majivu kidogo yalibaki vidoleni mwake baada ya miaka yote hiyo. Firmin akanyoosha mkono akagusa mahali pale palipoungua. Hakuna aliyesema lolote kuhusu baba.

"Haya. Anza."

Léonce akakohoa. "Aubin amefungwa. Maji yamemfika hapa." Akajigusa kifuani.

"Shingoni."

"Kitabuni ni kifuani. Tazama."

"Wewe ulikuwa ukisema shingoni."

"Basi shingoni. Anakuja mbwa, anaogelea."

"Mbwa ni baadaye. Kwanza pingu."

"Pingu." Léonce akavua kofia, akaigeuza geuza. "Pingu, alikuwa na ufunguo."

"Angekuwa na ufunguo, angekaa majini kwa nini? Anaoga?"

"Ngoja. Pansard alimletea tupa ya kukereza chuma. Ndani ya mkate."

Ghislaine, aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi, akainua kichwa.

"Hiyo ya tupa ni ya gerezani, hadithi ya tisa," Firmin akasema. "Umezichanganya. Lakini mkate ulikuwepo. Mkate ulikuwepo mahali."

"Pengine alikula."

"Mtu anazama, anakula?"

"Pansard angekula."

Firmin akaanza kucheka. "Na sufuria," akasema, "alitupa sufuria zote, hata ile ya..." Kicheko kikamkaba, kikohozi kikaja, midomo ikageuka rangi. Ghislaine akapiga hatua, lakini Léonce alikuwa karibu zaidi. Alimwinua mdogo wake kwa mikono miwili, vidole vimetanuka mgongoni, si kwa kubana wala kwa kulegeza, vile anavyowashika njiwa wake. Akamshikilia mpaka pumzi ikarudi. Hata iliporudi hakumwachia mara moja.

"Halafu anafika nyumbani," Léonce akasema kwa sauti ya chini, juu ya kichwa cha mwenzake. "Mama yake anapika supu. Hamuulizi alikotoka."

"Anasema neno moja tu."

"Futa miguu," wakasema wote wawili.

Kisha Firmin akajilaza tena kwenye mito.

"Lakini pingu, Léonce. Bila pingu hajafika popote."

"Najua. Iko hapa, kwenye ncha ya ulimi." Akageuka mlangoni. "Ghislaine, wewe chumba chako kilikuwa ukutani pale. Hukuwahi kutusikia?"

Wakamtazama wote wawili, wazee wawili wenye macho ya baba mmoja. Neno lilikuwa tayari kinywani mwake, fupi kabisa. Akaona kofia juu ya goti la Léonce. Akaona kwamba, likishatoka, hadithi itakuwa imekwisha, na mtu ambaye hadithi yake imekwisha huvaa kofia akaenda zake.

"Mimi nilikuwa nikilala mapema," akasema. "Mliniachia vyombo vyote, mnakumbuka? Nilichoka."

"Kweli," Firmin akasema. "Huyu alikuwa akilala kama gogo."

Huguette akawa ameingia kupitia mlango wa nyuma, anavua skafu na kuuliza vikombe viko wapi. Ghislaine akarudi jikoni. Juu ya meza alikuwa ameandaa chakula cha mchana: mkate, jibini, na bakuli la udongo lenye mafuta ya nguruwe, meupe, yenye alama ya kisu. Alilitazama. Akalifunika kwa sahani, akalipeleka kabatini, nyuma ya mitungi ya siki, akafunga kabati.

"Hamtumii mafuta tena?" Huguette akauliza.

"Kwa sasa hapana, wifi. Chukua jibini."

Alijua Jumamosi atakuwa na jambo la kuungama kwa padri. Akavuta kigoda, akavua viatu, akaegemeza mgongo kwenye ukuta unaotenganisha jiko na chumba cha mbele. Rozari ilikuwa mfukoni, hakuitoa. Sauti zao zilipita ukutani, nene na chakavu, zikibishana kama pete ya chuma ilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto.

"Kesho nitakuwa nimekumbuka," alisema Léonce.

"Njoo kesho, basi."

"Kesho nina daktari wa miguu. Jumanne."

"Jumanne. Na ukikumbuka njiani?"

"Nikikumbuka njiani, nitakwambia."

"Usiniambie upesi," Firmin akasema.

Supu ilianza kuchemka. Ghislaine aliisikia, akaiacha ichemke kidogo.